Sista, nataka kujipeleka mwenyewe

Barua za wasomaji kuhusu afya ya akili. Anayejibu ni muuguzi mstaafu aliyefanya kazi miaka 26 katika wodi za wagonjwa wa akili.

Shikamoo Sista,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 34, kazi yangu ni kutunza hesabu. Huu ni mwezi wa tatu usingizi umenikimbia. Nalala saa tano, saa nane na nusu macho yako wazi, na basi tena mpaka kunakucha. Nimepunguza kazi, nimejaribu kutembea jioni, simu naiacha sebuleni, nimehesabu pumzi. Kazini nasoma mstari mmoja mara nne na bado sijui umesema nini. Wiki iliyopita bosi alinirudishia jedwali nililojumlisha safu isiyohusika, jambo ambalo halijawahi kunitokea tangu nianze kazi. Nimekonda mpaka sketi zinazunguka kiunoni. Kuna wakati nafikiri ingekuwa heri nilale nisiamke. Daktari wa zahanati alinipa dawa za sonona, leo ni siku ya tisa, sioni tofauti yoyote ila kinywa kukauka na kichefuchefu.

Juzi usiku nilijikuta nimesimama jikoni, bomba linatiririka, ndoo imejaa inamwagika, na sijui nilikuwa nimesimama pale kwa muda gani. Nilikuwa napanga nani atamlea binti yangu. Nilipozinduka niliogopa sana. Nataka kwenda hospitali ya magonjwa ya akili kwa miguu yangu, kabla sijapelekwa. Mume wangu anasema niamue mwenyewe, yeye atanisindikiza. Kaka yangu mkubwa amekasirika. Anasema ukishaingia pale jina limeharibika, na kutoka si rahisi kama kuingia.

Naomba uniambie: mtu anaweza kwenda tu akasema nilazeni? Niseme nini? Watanifungia? Binti yangu ana miaka 6, nimwambie nini? Na zaidi ya yote, mimi naongea, naoga, naenda kazini. Naogopa nitachukua kitanda cha mgonjwa wa kweli.

Asiyelala

Marahaba mwanangu.

Wasomaji wajue kwamba sikungoja jarida litoke. Mama huyu nilimjibu siku ileile barua yake iliponifikia, na naichapisha kwa ridhaa yake. Nililomwambia kwanza nalirudia hapa kwa yeyote anayejiona katika barua hii. Fikra ya "heri nisiamke" ikishaanza kuvaa mpango, yaani lini, vipi, na mtoto abaki na nani, hiyo ni dharura sawa na mtu anayevuja damu. Usingoje Jumatatu wala kliniki ya rufaa. Nenda idara ya dharura ya hospitali yoyote iliyo karibu nawe, hata kama si ya akili, na usiende peke yako. Mpaka mtakapofika pale awepo mtu nawe chumba kimoja. Dawa zote zilizomo nyumbani, pamoja na hizo za sonona, azishike mumeo, akupe dozi ya siku tu.

Sasa nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloua watu.

Kwa miaka yote niliyokaa mapokezi, karibu kila aliyekuja kwa miguu yake aliniambia maneno hayo ya kitanda cha mgonjwa wa kweli. Walioletwa wameshikwa mikono hawakuyasema. Anayeyasema ni yule ambaye bado ana nguvu kidogo ya kujali wengine, na nguvu hiyo ndiyo anayoitumia kujinyima tiba. Hakuna kipimo kinachosema lazima uache kuoga ndipo uhesabiwe mgonjwa. Daktari anayekupokea hatazami nywele zako. Anataka kujua mambo mawili makubwa: je, uko salama nyumbani usiku wa leo, na je, tiba unayohitaji inaweza kutolewa ukiwa nyumbani? Umesimama jikoni maji yanamwagika huku ukigawa malezi ya mtoto wako. Kwa hali hiyo, mwanangu, mimi nisingekuambia ukae nyumbani.

Kuna mwanaume mmoja simsahau. Alikuja asubuhi na mapema, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, akaniuliza kwa heshima kama angeweza kumwona daktari. Alipoulizwa shida yake alisema, "Nimechoka tu, sipati usingizi." Daktari kijana aliyekuwa zamu akaandika tatizo la usingizi, akampa dawa za wiki mbili na tarehe ya kurudi. Mimi ndiye niliyempima presha, na niliona mkono wake unatetemeka, lakini sikusema kitu. Baada ya siku 20 aliletwa usiku na watu wanne. Alipona, namshukuru Mungu, na alipopata nafuu aliniambia kwamba ile asubuhi ya kwanza alikuwa amekwisha kuandika barua za kuaga, ziko mfukoni mwa shati lile lile. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Sikuulizwa, na nilidhani nikisema wataniona najidekeza."

Kwa hiyo nakuomba ufanye hivi. Nimeihesabu barua yako. Kuhusu usingizi na kazi umeandika sentensi kadhaa ndefu, zimepangwa vizuri kama vitabu vyako vya hesabu. Kuhusu kufa umeandika sentensi moja fupi, umeiweka katikati ya sketi na dawa, kama vile unatarajia mtu aipite. Pale mapokezi igeuze. Ianze hiyo. "Nina mawazo ya kufa. Juzi nilijikuta napanga nani atamlea mwanangu. Sijiamini kubaki nyumbani. Naomba kulazwa." Sentensi nne. Ziandike kwenye karatasi, kwa sababu ukifika pale koo litakauka na utajikuta unasema "sijambo" kwa mazoea. Ulimi ukigoma, mpe karatasi. Nimepokea karatasi za namna hiyo nyingi, na hakuna hata moja niliyoiona ya ajabu.

Nyuma ya karatasi hiyo andika mambo ambayo yatafupisha maswali: hali hii ilianza lini, unalala saa ngapi kwa usiku, umepungua kiasi gani, dawa zote unazomeza hata za miti shamba na za kununua bila cheti, pombe kama unatumia na kwa kiasi gani, magonjwa mengine, kama una mimba au unanyonyesha, na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua akili au kujiua. Kuhusu pombe na vidonge vya usingizi usifiche hata tone. Mwili uliozoea vitu hivyo ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege, na wodini hatuwezi kukukinga na jambo tusilolijua.

Ndiyo, mtu anaweza kwenda na kusema nilazeni. Kwingine utapokelewa moja kwa moja, kwingine watataka rufaa ya daktari, kwa hiyo mwombe yule daktari wa zahanati akuandikie barua, kama unaweza kumpata upesi. Kama humpati, usimngoje. Ukifika utapimwa presha, joto na uzito, na mara nyingi utatolewa damu. Usishangae damu inahusiana vipi na huzuni. Tezi ya thairoidi iliyoko shingoni ikilegea inaweza kuleta uchovu na huzuni inayofanana kabisa na sonona, na upungufu wa damu nao unachosha kichwa. Halafu yanafuata mahojiano marefu. Utaulizwa waziwazi kama unataka kujiua. Kuulizwa hakupandikizi wazo. Wengi hupumua kwa mara ya kwanza pale swali linapotamkwa na mtu mwingine.

Yawezekana daktari aseme kulazwa si lazima. Hilo likitokea usiinuke ukaondoka kama aliyefukuzwa. Uliza: mpango ni upi basi? Nitaonwa tena siku gani, na nani? Usiku wa leo hali ikizidi niende wapi? Na kama bado unaamini hauko salama, rudia sentensi zako nne mbele yake, mumeo akiwepo, na umwambie kuhusu jikoni. Hakuna adabu inayovunjwa hapo.

Kufungiwa. Hapa kaka yako ana nusu ya ukweli, na nataka uijue nusu hiyo kabla hujashika kalamu.

Kulazwa kwa hiari maana yake umeelewa unakokwenda, umekubali, na unayo haki ya kuomba kutoka. Haki hiyo haikuwepo siku zote. Uingereza, kwa mfano, hospitali za umma za akili kwa sehemu kubwa zilipokea watu waliokwisha kuandikiwa hati ya wendawazimu, mpaka sheria ya mwaka 1930 iliporuhusu mgonjwa aombe mwenyewe kwa maandishi. Akitaka kutoka, alitoa taarifa ya saa 72. Taarifa ya namna hiyo bado ipo katika sheria za nchi nyingi, mahali pengine saa chache, pengine siku kadhaa. Na katika muda huo, daktari akiona kwamba ukitoka utajidhuru, anaweza kukuzuia ili ufanyiwe tathmini. Huko huko Uingereza siku hizi daktari anaweza kumzuia kwa saa 72 mgonjwa aliyeingia kwa hiari, na muuguzi mwenye sifa anaweza kumzuia kwa saa 6 wakati daktari anatafutwa. Muda unatofautiana kwa kila sheria, lakini mlango huo wa kukuzuia upo karibu kila mahali, na asiyekutajia anakuficha.

Kwa nini nakuambia haya wakati nataka uende? Kwa sababu nimeona wagonjwa wakigundua siku ya tatu kwamba hiari yao ina masharti, wakatuona waongo, na imani ikivunjika wodini tiba huenda kwa kuchechemea. Heri ujue mapema. Basi kabla hujatia saini uliza: naingia kwa utaratibu gani, wa hiari au mwingine? Nikitaka kutoka nimwambie nani, na itachukua saa ngapi? Nikikataa dawa fulani kitatokea nini? Taarifa zangu zitatolewa kwa nani? Majibu ayaandike mumeo. Omba nakala ya ulichotia saini.

Na saini iwe ya mtu anayeelewa. Mwaka 1981, huko Florida, mtu mmoja aliokotwa kando ya barabara kuu, ameumia, amechanganyikiwa, akiamini kwamba yuko mbinguni. Aliwekewa fomu za kulazwa kwa hiari, akazitia saini zote. Alikaa hospitalini miezi 5 bila hakimu yeyote kuisikiliza hali yake, kwa sababu kwa maandishi alikuwa amekubali. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimruhusu aendelee na madai yake dhidi ya waliomlaza. Naikumbuka kesi hii kila ninaposikia muuguzi anamwambia mgonjwa "weka saini hapa" huku anatazama saa ya ukutani. Wewe bado unaelewa unachotia saini. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kwenda sasa.

Sasa nikusimulie yangu, kwa sababu najua unajiuliza kama nasema ya vitabuni.

Mwaka wangu wa kumi na moja kazini nililazwa mimi mwenyewe. Nilikuwa nimezika mtoto. Nilirudi kazini baada ya wiki mbili, nikagawa dawa, nikajaza mafaili, nikafunga milango, na usiku nikawa nakaa bafuni na taa imezimwa. Niliomba kulazwa katika hospitali nyingine, mbali na wenzangu. Nilikaa kwenye benchi la mapokezi na begi magotini, mimi niliyewahi kupokea mamia ya watu waliokaa vivyo hivyo, na nilikuwa sijawahi kujua kwamba benchi lile ni refu kiasi gani.

Walinifungulia begi mbele yangu, wakatoa mkanda, kamba za viatu, kioo kidogo na waya wa chaja. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo kwa wengine kwa miaka kumi na nilidhani naijua. Kamba za viatu zilinivunja moyo kuliko chochote. Nakuambia ili zisikukute ghafla. Ni kwa usalama wa kila aliyemo, hata yule wa kitanda cha jirani. Chukua viatu visivyo na kamba, nguo zisizo na vifungio vya kuvuta, miwani yako, kitabu chepesi, na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, maana simu huenda ikashikwa. Dawa zako zibebe katika pakiti zake uzikabidhi. Pete ya ndoa na vitu vya thamani viache nyumbani.

Usiku muuguzi hupita na tochi. Kwa mgonjwa anayehofiwa kujidhuru anaweza kupita kila baada ya dakika 15. Usiku wa kwanza tochi ile iliniudhi, usiku wa pili niliihesabu, usiku wa tatu nilikuwa nimelala. Siku tatu za kwanza nilifanya kazi moja tu, kulala na kulia. Baadaye kilikuja kitu ambacho watu hawakitarajii, uchoshi. Wodi ina saa nyingi tupu. Raundi ya madaktari inapita kwa dakika chache, na usipojiandaa utakumbuka ulichotaka kuuliza wakiwa wamekwisha kuvuka mlango. Niliweka daftari chini ya mto, nikawa naandika swali moja moja. Jirani yangu wa kitanda, mama mtu mzima aliyekuwa amelazwa mara ya nne, ndiye aliyenifundisha hilo.

Nilikaa siku 19. Sikutoka nikiwa na furaha. Nilitoka nikiwa nalala saa sita kwa usiku na ninaweza kupanga kesho. Hicho ndicho ninachoweza kukuahidi kwamba wodi hutafuta: kukuweka salama, kukurudishia usingizi, kuangalia dawa inakufaaje huku watu wengine wakikesha badala yako. Kumlilia mtoto wangu kulikuja baadaye, nyumbani na kwa mwanasaikolojia, kwa muda mrefu.

Hizo siku zako tisa za dawa bado ni chache. Dawa za sonona kwa kawaida huhitaji wiki mbili hadi nne kabla ya nafuu kuonekana, wakati mwingine wiki sita, na maudhi kama hicho kichefuchefu hutangulia. Usiziache ghafla. Sema unavyojisikia, daktari ataamua kuongeza, kubadili au kungoja.

Binti yako mwambie ukweli unaomtosha. Usimwambie unasafiri, kwa sababu atangoja zawadi, na watu wazima watanong'ona mbele yake, naye atajaza mapengo kwa hofu zake. Mwambie: "Mama anaumwa. Ni ugonjwa unaonifanya nisilale na nihuzunike. Nakwenda kwa madaktari wanisaidie. Si wewe uliyeusababisha. Baba atakuwa nawe, na nitakupigia simu nikiruhusiwa." Usimtajie siku ya kurudi kama huijui. Mwachie kitu chako cha kulalia nacho, fulana au mtandio. Mimi mwanangu mkubwa aliambiwa nimekwenda kozi. Aliujua ukweli akiwa na miaka 15, kutoka kwa mtu baki, na hadi leo kuna kitu kidogo kati yetu kuhusu jambo hilo.

Jina kuharibika. Mwanangu, siwezi kukuambia kwamba watu hawatasema. Niliporudi kazini kulikuwa na mwenzangu aliyekuwa akizichukua funguo za kabati la dawa kabla sijazigusa, mwezi mzima, bila neno. Muuguzi wa akili kunifanyia hivyo muuguzi wa akili! Iliniuma kuliko maneno ya majirani. Lakini ujue pia unayo siri yako kisheria. Cheti cha ugonjwa cha mwajiri kwa kawaida hakihitaji kutaja ugonjwa. Mwombe daktari aandike tu kwamba umelazwa kwa matibabu na utarudi tarehe fulani. Amua mapema nani aambiwe lipi, mumeo asije akalazimika kutunga kwenye simu. Na kaka yako mwombe aje siku ya wageni. Hasira ya ndugu mara nyingi ni woga, na woga wa wodi hupungua mtu akiona kuna vitanda, madirisha, na watu wanaocheza karata.

Kabla hujaruhusiwa, dai tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye karatasi, ndani ya siku 7. Wiki ya kwanza baada ya kutoka ni ya hatari kwa aliyekuwa na mawazo ya kujiua. Ulinzi umeondoka ghafla, na kila mtu anadhani umepona. Usikae peke yako wiki hiyo. Dawa ziendelee kushikwa na mumeo.

Aliniandikia tena baada ya siku kumi na mbili. Alikuwa bado wodini. Aliandika kwa penseli kwamba sentensi nne alizisoma kwenye karatasi bila kuinua macho, na kwamba daktari aliweka kalamu chini akamsikiliza.

Sista, habari za kazi?

Mdogo wangu ana miaka 22. Siku nne zilizopita alikubali mwenyewe kulazwa hospitali ya akili baada ya kusikia sauti kwa wiki kadhaa. Sasa kila jioni ananipigia akilia kwamba nimtoe, kwamba nimemtupa. Mama yetu anataka twende tukamchukue kesho. Nimtoe?

Kaka mtu

Kaka, pole sana. Sauti ya mdogo wako analia kwenye simu nayo inakesha nawe, najua.

Kwanza weka sawa jambo moja. Mdogo wako ni mtu mzima na aliingia kwa ridhaa yake, kwa hiyo wa kumtoa si wewe wala mama. Anayeomba kutoka ni yeye, kwa wauguzi, na ombi lake lazima lipokelewe na liandikwe. Kazi yako ni kwenda kumwona, si kumchukua. Keti naye, umuulize nini hasa kinachomfanya atake kutoka. Siku ya tatu hadi ya tano ni ngumu kwa wengi. Uchovu alioingia nao umepungua, dawa bado haijashika vizuri, na wodi ameianza kuiona ilivyo. Huenda dawa inamkaza shingo au inamfanya asitulie miguu. Hayo ni madhara yanayojulikana ya baadhi ya dawa za kutuliza sauti hizo na yana tiba, mwambie muuguzi leo hii, msisubiri raundi. Huenda sauti zenyewe zinamwambia kwamba mmemtupa. Huenda ni baridi, au jirani anayepiga kelele usiku.

Lakini akikuambia amepigwa, amefungwa kamba, ameguswa vibaya, au ametukanwa, usiseme "ni ugonjwa unaongea." Nimefanya kazi humo na najua mambo hayo hutokea. Tazama mwili wake, andika tarehe na saa, nenda kwa muuguzi mkuu, na usiporidhika panda kwa uongozi wa hospitali kwa maandishi.

Omba kikao na daktari, mdogo wako akiwemo. Akisisitiza kutoka na daktari asione sababu ya kumzuia, atatia saini kwamba anaondoka kinyume cha ushauri. Hapo msitoke kwa hasira. Chukueni dawa, maelezo ya dozi na tarehe ya kurudi. Nimeona familia zikitoka zimebeba begi tu.

Sista, mimi nina ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia. Nimelazwa mara tatu, zote kwa nguvu, mara ya mwisho mbele ya wanangu. Sasa ni mwaka na nusu niko vizuri na natumia dawa. Nataka safari ijayo, ikija, niende mwenyewe. Tatizo ni kwamba nikipanda najiona mzima kuliko watu wote. Nifanyeje?

Baba wa watatu

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu umelitaja tatizo lenyewe bila kujionea huruma. Ukipanda, yule anayepaswa kukupeleka hospitali ndiye anayekuambia huhitaji hospitali. Kwa hiyo hiari yako uiandike sasa, ukiwa umetulia.

Kaa na daktari wako wa kliniki na mtu mmoja unayemwamini. Andikeni dalili zako wewe, si za kitabuni: unaanza kulala kwa muda wa saa tatu tu usiku kucha na huchoki, unapigia simu watu saa saba usiku, unatoa pesa, unaanza kuona dawa inakupumbaza. Andika dalili ngapi zikionekana, na kwa siku ngapi, uende kuonwa. Andika dawa zilizowahi kukufaa na zilizokudhuru, hospitali unayoipendelea, nani awachukue watoto kabla hajafika mtu mwingine yeyote, na nani asiambiwe. Tieni saini wote watatu, nakala moja iingie kwenye faili lako. Nguvu ya karatasi hiyo kisheria si sawa kila nchi, muulize daktari wako, lakini hata pale ambapo haimfungi mtu, daktari wa zamu anayekukuta usiku huwa na hamu kubwa ya kusoma maneno yako ya mchana.

Chagueni pia sentensi moja. Yule unayemwamini ndiye atakayekuambia, na umwahidi leo kwamba ukiisikia utavaa viatu bila kubishana, hata kama unaiona ya kipuuzi. Mgonjwa wangu mmoja na dada yake walikuwa na yao: "Umelala saa ngapi jana?" Alikuja nayo mara mbili, kwa miguu, dada akiwa nyuma yake amebeba begi.